Eksteno ikikufichia mafaili, usikubali kufomati kabla hujaangalia mstari wa bluu

Mbukwenyi wasomaji wangu. Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, nilikuwa nafunga ofisi hapa Majengo, Dodoma, ukaingia ujumbe wa kijana mmoja wa Singida. Naye ni mpiga video kama mimi. Aliandika hivi: "Kaka shikamoo. Eksteno imenilia harusi nzima. Folda zote zimegeuka shotikati, nikibofya hakifunguki kitu. Fundi wa huku anasema tufomati halafu atanirudishia. Jumatatu natakiwa kukabidhi kazi. Nifanyeje?"

Eksteno ni ile diski ya nje tunayochomeka kwenye kompyuta, na shotikati ni kialama cha njia ya mkato tu, hakina video ndani yake. Nilimpigia hapohapo. Hata shikamoo yake sikuiitikia. Nilimwambia, "Mdogo wangu, itoe hiyo diski kwenye kompyuta na usimpe mtu yeyote." Nadhani alishtuka kwa ukali wangu. Lakini maneno hayo ya "tufomati halafu nitakurudishia" mimi niliwahi kuambiwa, nikayaamini, na mpaka leo ipo familia moja Mpwapwa ambayo nikiiona stendi natamani nijifiche.

Ilikuwa 2019. Dodoma ilikuwa imetangazwa jiji Aprili ya mwaka uliotangulia, watumishi wanahamia, kumbi zinafunguliwa, na sisi vijana wenye kamera tuliona milango yetu imefunguka. Nilikuwa na kamera moja ambayo nilikuwa bado naimalizia deni, laptopu moja, na eksteno moja ya terabaiti 1. Nikapata kazi Mpwapwa: kicheni pati, sendofu na harusi, zote tatu kwa mkupuo. Nilipita Mbande na Kongwa nimepakata begi la kamera kama mtoto.

Kwenye sendofu kilitokea kitu ambacho sikutegemea. Walipoingia akina mama na ngoma za muheme, bibi yake bi harusi, mtu mzima kabisa, alinyanyuka kitini, akaomba ngoma, akaibana katikati ya mapaja kama wanavyofanya wanawake wa Kigogo, akaipiga. Ukumbi ulisimama. Nilizunguka nikamkaribia, mikono yake ikajaa kwenye kioo cha kamera. Nilijua palepale kwamba hicho ndicho kipande kitakachonitambulisha mjini.

Niliporudi Dodoma nikahamishia kila kitu kwenye eksteno, nikafuta memori kadi kwa sababu Jumapili nilikuwa na kazi nyingine. Hapo ndipo nilipokosea, kabla ya virusi na kabla ya fundi. Siku mbili baadaye nikaenda stesheneri kuchapisha kava la DVD. Picha ya kava ilikuwa ndani ya eksteno hiyohiyo, nikaichomeka kwenye kompyuta yao, ile ambayo kila mtu anachomeka flashi yake tangu asubuhi. Kufika nyumbani, folda zote zina kamshale kadogo pembeni, kila moja ina KB 2. Harusi ya siku tatu, KB 2.

Nilibofya. Nikabofya tena. Nilibofya labda mara ishirini, na sasa najua kila nilipobofya nilikuwa naviita virusi viingie kwenye laptopu.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili niliiona kwa macho yangu. Ukifungua kompyuta ukaangalia diski zako, chini ya jina la kila diski kuna mstari wa bluu unaoonyesha nafasi iliyotumika. Eksteno yangu ilisema zimebaki GB 318 kati ya 931. (Terabaiti 1 husomeka 931 kwenye Windows kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, hujaibiwa.) Yaani zaidi ya GB 600 zilikuwa zimekaliwa na kitu. Diski iliyopoteza kila kitu haiwezi kuwa imejaa. Mafaili yalikuwepo yote, mzima mzima, yamefichwa tu. Bibi wa Mpwapwa alikuwa mle ndani anapiga ngoma yake, na mimi nikampeleka kwa fundi.

Fundi yule simtaji. Alifomati. Kisha, ili kuhakikisha diski ni nzima, akamimina humo filamu zake, karibu GB 40. Alinikabidhi anatabasamu: "Inafanya kazi vizuri sana." Nilimlipa.

Kufomati kwa haraka hakufuti video zako. Kunafuta orodha inayoiambia kompyuta kila faili limekaa wapi, na nafasi yote inahesabiwa kuwa wazi. Data inabaki pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo hata baada ya kufomati tulikuwa bado na nafasi nzuri. Filamu zile ndizo zilizotumaliza. Na kama angechagua kufomati kwa kina, Windows yoyote kuanzia Vista ingeandika sifuri diski nzima, na pasingebaki hata cha kutafuta.

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma alinisaidia kwa programu ya bure ya kuokolea mafaili iitwayo PhotoRec. Tulikesha usiku mbili. Ilirudisha picha nyingi za mnato na video kadhaa fupi, zote bila majina, herufi f na tarakimu tu. Video ndefu huweza kuhifadhiwa vipande vipande sehemu mbalimbali za diski, na PhotoRec haiwezi kuviunga vizuri. Kipande cha bibi kilirudi kama faili, lakini hakikufunguka. Nimekijaribu kwenye kila programu ninayoijua.

Nilirudisha advansi yao, Sh 400,000. Mama wa bi harusi alikuja mwenyewe mpaka ofisini. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, hela si kitu. Mama hawezi tena kubana ngoma, mgongo umekataa."

Basi, turudi kwa kijana wa Singida. Swali langu la kwanza lilikuwa la mstari wa bluu. Akasema zimebaki 205 kati ya 931. Nikavuta pumzi, nikamwambia harusi yako ipo. Tukaanza na laptopu, eksteno ikiwa imetolewa: aisafishe kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, maana ukiokoa mafaili kwenye kompyuta yenye ugonjwa yatafichwa tena. Kisha achomeke eksteno na asiguse shotikati hata moja. Aangalie diski imepewa herufi gani. Yake ilikuwa F. Afungue dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd pale pa kutafutia, halafu aandike:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Wewe utaweka herufi ya diski yako. Virusi vya shotikati haviharibu folda. Vinaipachika alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha vinaweka shotikati yenye jina lilelile mahali pake. Ndiyo maana wengi wanaenda kwenye View, wanawasha Hidden items na bado hawaoni kitu: alama ya pili inaendelea kuificha. Amri hii inaziondoa zote. Anayeogopa dirisha jeusi awashe Hidden items, kisha afungue Folder Options, aondoe tiki kwenye Hide protected operating system files, na ataziona folda zake zimefifia rangi.

Kijana alisubiri, kimya, mimi nasikia mbwa wa jirani yake kwenye simu. Dakika saba hivi. Akasema, "Kaka, imetokea folda haina jina." Nikamwambia ifungue. Virusi vingine hukusanya kila kitu na kukitia kwenye folda moja yenye jina tupu. Nilichosikia baada ya hapo ni kelele za mtu mzima anayelia na kucheka kwa pamoja, na mimi machozi yalinitoka peke yangu ofisini.

Sikumwacha hapo. Nilimwamuru aazime diski ya pili na kunakili kila kitu usiku uleule, kabla ya kufuta shotikati au kuediti hata sekunde moja. Jumatatu alikabidhi kazi. Najivunia hilo, na sioni aibu kulisema.

Tatizo lako linaweza kuwa jingine. Diski isipoonekana kabisa, anza na waya. Kichwa kile kipana cha USB 3.0 hulegea upesi, na hapa kwetu vumbi la kiangazi linaingia kila tundu. Badilisha waya, na kwenye kompyuta ya mezani chomeka kwa nyuma. Kama inaunguruma ila haina herufi, fungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uipe. Ukiambiwa lazima uifomati ndipo uitumie, bonyeza Cancel, hata ukiambiwa mara kumi. Kama ulifuta mwenyewe, angalia kwanza pipa la taka la kompyuta diski ikiwa imechomekwa, ndipo utumie programu ya kuokolea kama Recuva au PhotoRec, na unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine. Amri ya chkdsk, ile ya kukagua na kurekebisha diski, usiikimbilie kabla ya kunakili, maana huweza kukuachia folda ya found.000 yenye vipande visivyo na majina. Na diski ikigonga tak, tak, tak, izime. Huo ni ugonjwa wa vyuma, na kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza.

Katika yote hayo sheria ni ileile: usiandike kitu juu ya diski iliyopoteza mafaili. Usihamishie humo, usiijaribu kwa filamu, usisakinishe programu ya kuokolea ndani yake.

Najua unayesoma hapa una ndoto kama yangu: studio yako, jina lako kwenye kadi za harusi kuanzia Manyoni mpaka Kibaigwa. Tunakopa mamilioni kwa ajili ya lenzi, kisha tunamwekea mtu siku asiyoweza kuirudia kwenye diski moja ya kutembea nayo kwenye begi. Wateja wetu hawanunui lenzi. Wanatuachia mama zao, baba zao, bibi zao. Nunua diski ya pili kabla ya lenzi ya pili. Nakala moja ikae ofisini na nyingine ikae nyumbani. Memori kadi usiifute mpaka uone video zinacheza sehemu zote mbili. Ya kuchapishia stesheneri weka kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

Ukiniandikia kuhusu diski yako, nitajibu. Anza kwa kunieleza mambo matatu: mstari wa bluu unasomaje, diski inatoa sauti gani, na umefanya nini tangu mafaili yalipopotea. Hilo la tatu usinifiche, hata kama ulishaifomati.