Wachezaji wamefungwa macho, uwanja ni kelele tupu

SWALI: Habari mtaalamu. Nasimamia vijana huku Mikindani, Mtwara. Nimebuni mchezo wa wawili wawili: mmoja anafungwa kitenge machoni, mwenzake anamwelekeza kwa mdomo mpaka alipo kopo. Ikicheza jozi moja, safi. Zikiingia sita, hakuna anayesikia kitu, na wengine wanachungulia kwa chini. Nitafute vitambaa vizito zaidi?

JIBU: Salama kaka. Vitambaa tuviache kwanza, maana shida kubwa iko masikioni. Ukishamnyima mtu macho, anabaki na sauti, nawe umewaachia watu sita waigombanie. Kwenye goalball, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona vitani, mpira una kengele ndani na watazamaji hunyamaza unapochezwa. Tena mistari ya uwanja ina kamba chini ya utepe, mchezaji akipapasa anajua alipo. Hiyo kamba iige: tandaza ya katani mchangani, wacheze peku.

Kisha wanyime waelekezaji maneno. Mmoja apige makofi, wa pili agonganishe vifuu vya nazi, wa tatu atikise kopo lenye korosho. Jozi tatu zinatosha kuanzia. Wengine wawe waamuzi, kimya. Hapo kelele inageuka kuwa mchezo wenyewe, kwani kila mmoja anaichambua sauti ya mwenzake. Mwelekezaji asimame nyuma ya shabaha, na aliyefungwa macho aruhusiwe kugeuza kichwa: sikio hutofautisha kulia na kushoto kwa urahisi, lakini mbele na nyuma hulichanganya. Upepo wa bahari ukivuma, shabaha iwe upande unakotokea, sauti iwafikie.

Kuhusu wachunguliaji, usipoteze nguvu kuwakamata. Panga makopo yanayofanana, yote yamefunikwa: moja lina mchanga, jingine makombe, jingine korosho. Mchezaji atafute lenye korosho kwa kulitikisa. Achungulie mpaka achoke, macho hayatamwambia kitu.

Mwendo uwe wa kutembea, mikono mbele ya kifua, mbali na mawe na mizizi ya mikorosho. Kwenye soka la wasioona anayeufuata mpira hupaza sauti ili wasigongane, wako waseme "nipo!" kila hatua chache. Na asiyetaka kufungwa macho mpe vifuu, agonge.