Saa moja ya kufundisha saratani ya kinywa chuoni

SWALI: Daktari, nafundisha chuo kimoja hapa Tanga. Nimepewa saa moja kuzungumza na wanafunzi kuhusu saratani ya kinywa. Wengi hawavuti sigara, ila wanaweka mdomoni kuberi, ile tumbaku isiyovutwa, na kutafuna tambuu. Nianzie wapi, na zile picha za kutisha zinasaidia?

JIBU: Picha za uvimbe uliokwishatoboa shavu ziache, mwalimu. Kijana akiziona anajipapasa, anakuta shavu lake zima, basi anajihesabu salama. Mwonyeshe dalili za mwanzo, ambazo mara nyingi haziumi: baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona. Kwa watafunaji wa popoo, ile kokwa ngumu inayotiwa kwenye tambuu, kuna na kukaza kwa mdomo: chakula chenye pilipili kidogo tu kinawachoma, na baadaye vidole 3 vilivyopangwa wima haviingii baina ya meno.

Watakubishia kwamba tambuu isiyo na tumbaku haina neno. Ina neno. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliitaja popoo yenyewe kuwa husababisha saratani. Kuberi na ugoro navyo havina moshi, lakini vina nitrosamini, kemikali za saratani zinazokaa zimegusana na ufizi saa nzima. Anayechanganya tumbaku na pombe, hatari zake hazijumlishwi, zinazidishana. Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono na vinavyoweza kuleta saratani, vitaje kwa ufupi. Saratani yake hukaa zaidi kooni, nyuma ya ulimi.

Nusu ya saa itumie kwa vitendo. Kila mmoja awe na kioo na tochi ya simu, mikono imenawiwa. Avute mdomo wa chini atazame pale anapoweka kuberi, kisha mashavu. Ulimi autoe, aushike kwa tishu, auvute kulia na kushoto aone kingo zake. Halafu auinue aone chini yake. Hapo chini na kingoni ndipo watu wasipotazama.

Atakayeona kitu asikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Aende kwa daktari wa meno, na ikibidi atachukuliwa kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara. Omba hospitali ya wilaya ikupe mtaalamu wa kinywa siku hiyo, maana wewe hutakiwi kumwambia mtu ana saratani au hana.

Na kataza mapema kupiga picha mdomo wa mwenzio. Moja ikiingia kwenye grupu la WhatsApp la darasa, mwakani hakuna atakayekubali kufungua kinywa.