Kahawa, moyo kwenda mbio na hofu ya ghafla: hesabu miligramu, achana na vikombe

Mkuu, nimekuelewa hivi: unakunywa vikombe viwili tu vya kahawa kwa siku, jirani yako anakunywa vitano na analala kama gogo, lakini wewe ndiye moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na unashikwa na hofu kwamba unakufa. Kipimo cha umeme wa moyo kimetoka safi, presha haina shida. Sasa unataka kujua kama ni kahawa au ni ugonjwa wa hofu.

Mara nyingi ni vyote viwili, kimoja kinachokoza kingine. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini, na hiyo ndiyo inayoutuliza mwili na kuleta usingizi. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, inawahi kiti cha adenosini na kukikalia bila kufanya kazi ya mwenye kiti. Breki zinalegea: adrenalini inapanda, moyo unapiga kwa nguvu, pumzi zinaongezeka. Hili la pumzi watu hulisahau, ingawa hospitalini watoto njiti wanaosahau kupumua hupewa dawa ya kafeini kwa sababu hiyohiyo. Mtu mzima mwenye wasiwasi akipumua harakaharaka, hewa ya kabonidioksaidi inapungua kwenye damu, na hapo ndipo midomo na vidole vinapopata ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Yeye anasema moyo umeharibika. Wazo hilo linaleta adrenalini nyingine, na mzunguko unaanza.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Mtetemo wa kafeini huanza kama nusu saa hadi saa moja baada ya kunywa, unakaa saa kadhaa na kupungua taratibu. Shambulio la hofu hupanda ndani ya dakika chache hadi kileleni, kisha hushuka, hata kama uchovu wake unabaki. Ukiwa na mtetemo bila hofu ya kufa, umezidisha dozi tu. Ukiwa na vyote viwili, kahawa imewasha kuni zilizokuwepo. Wagonjwa wa mashambulizi ya hofu waliopewa kwenye majaribio miligramu 400 hadi 750 kwa mpigo, karibu nusu yao walipata shambulio. Kwa watu wasio na ugonjwa huo hawakufika hata 2 kwa 100. Dozi hizo ni kubwa, usizifananishe na kikombe chako cha asubuhi, ila zinaonyesha kwamba anayekunywa ana uzito kuliko kinachonywewa.

Kwa nini jirani yako hapati kitu? Kafeini hupungua nusu mwilini kwa wastani wa saa 5, lakini wastani huo unaficha mengi. Ukinywa miligramu 200 saa 10 jioni, saa 3 usiku bado una 100, na saa 8 usiku una 50 huku unajiuliza kwa nini umeamka moyo unadunda. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo. Mjamzito wa miezi ya mwisho huweza kufika saa 15, ndiyo maana Ulaya wanashauri mjamzito asizidi miligramu 200 kwa siku, wakati mtu mzima mwenye afya huambiwa 400. Mvuta sigara huiondoa haraka. Jirani yako akiwa anavuta, umeshapata nusu ya jibu. Na akija kuacha sigara, vikombe vyake vitano vitakuwa kama kumi, naye atasema ni hamu ya sigara inamsumbua. Kuna na jeni pia: wengine ini lao ni zito kuichakata, wengine vipokezi vya adenosini vyenyewe, vile viti nilivyotaja, ndivyo vyepesi kushtuka.

Uliza na dawa. Siprofloksasini, ile sipro inayotolewa sana kwa UTI na taifodi, inachelewesha kuondoka kwa kafeini. Mtu anameza sipro siku saba, anaendelea na kahawa ileile, siku ya tatu anatetemeka na kusema dawa imemkataa. Salbutamoli ya pumu inatetemesha yenyewe, na aminofilini, nayo ya pumu, ni ndugu wa damu wa kafeini. Ukiwa kwenye hizi, punguza kahawa kwanza. Dawa usiiache bila daktari.

Sasa hesabu. Kahawa ya unga ya kuchemsha: kijiko kikubwa ni kama gramu 5. Arabika, kama ya Kilimanjaro, ina kafeini kati ya asilimia 1.2 na 1.5, yaani miligramu 60 hadi 75 kwa kijiko hicho. Robusta, inayolimwa sana Bukoba, ina karibu mara mbili. Vikombe viwili vya robusta vinaweza kupita vitatu vya arabika, na hapa ndipo hesabu ya vikombe inapokufa. Kahawa ya papo hapo, kijiko cha chai kilichosawazishwa ni takriban 60; kikijazwa mlima inakaribia 100. Kahawa chungu ya dele haina lebo, inachemka muda mrefu, na vikombe vyake ni vidogo hadi mtu anapoteza idadi barazani. Muulize muuzaji anatia vijiko vingapi kwenye dele na linatoa vikombe vingapi, kisha gawanya.

Chai ya majani ya kuchemsha, kikombe cha mililita 250, weka 40 hadi 60. Maziwa na tangawizi havipunguzi kitu. Soda ya kola ya mililita 330 ni kama 32. Vinywaji vya kuongeza nguvu soma lebo: ikiandikwa 32 kwa mililita 100, chupa ya 400 ni 128, na mtu huimaliza kwa dakika mbili juani akiwa hajala. Poda za mazoezi na dawa za kupunguza uzito zenye guarana ni kafeini kwa jina lingine. Panadol Extra ina miligramu 65 kwa kidonge. Ukimeza viwili umekunywa kahawa.

Andika kila kitu kwa siku saba: saa, kinywaji, miligramu, umekula au hujala, umelala saa ngapi, dalili zimeanza saa ngapi. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Wengi wanaodhani wako kwenye 150 hukuta 350, kwa sababu hawakuhesabu chai ya ofisini.

Wiki ya pili ndipo unapunguza, robo ya jumla kila baada ya siku 3 au 4. Kama uko kwenye 400, nenda 300, kisha 200, kisha 100, kisha sifuri. Anza kukata cha jioni, halafu cha mchana. Cha asubuhi kiwe cha mwisho. Badala yake kunywa mchaichai, choya au tangawizi tupu. Chai ya kijani si mbadala, ina kafeini yake. Kahawa iliyoondolewa kafeini hubaki na miligramu chache, kwa wengi si tatizo.

Ukiacha ghafla utajidanganya. Arosto ya kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukolea siku ya pili, na huweza kufika siku 9: kichwa kuuma, uchovu, hasira, viungo kuuma kama una malaria (pima, usikisie). Wengine wasiwasi unapanda badala ya kushuka, wanahitimisha kahawa haikuwa tatizo na kurudi nayo. Wengine wanameza Panadol Extra, kichwa kinapona ndani ya dakika 40, hawajui kwamba wamejirudishia kilekile walichoacha. Tumia paracetamoli ya kawaida. Wanaofunga Ramadhani wanaijua hali hii kwa jina la kichwa cha siku za mwanzo; anza kupunguza wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na usifungue kwa kahawa chungu juu ya tende mbili. Kula kwanza.

Kaa wiki mbili kwenye sifuri. Kisha jaribu: miligramu 50 asubuhi, baada ya kula, siku uliyolala vizuri na huna safari wala kikao. Rudia siku tatu. Ukiwa salama, nenda 100. Dalili zikirudi kwenye kiwango fulani, hicho ndicho kikomo chako, hata kama ni chai moja tu. Kama mashambulizi yako ni ya kila wiki au yamewahi kukuangusha, hatua hii ya majaribio iache. Fanya na daktari.

Ikikukuta katikati ya shambulio, kaa, vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6, dakika tano. Usipumulie kwenye mfuko. Kama tatizo ni pumu au moyo kweli, mfuko unaweza kukuua. Kunywa lita za maji hakusafishi kafeini, na maziwa baada ya kikombe hayaitoi damuni. Ini lina ratiba yake. Jiambie saa uliyokunywa na saa itakapopungua nusu; kwa mtu wa hofu, kujua saa kunatuliza kuliko kuambiwa “tulia”.

Wiki mbili bila kafeini na mashambulizi yako palepale? Basi kahawa haikuwa mzizi. Omba kipimo cha homoni za tezi ya shingo, wingi wa damu na sukari. Vikiwa sawa, nenda kwa daktari wa afya ya akili, ugonjwa huu una tiba ya mazungumzo na ya dawa. Akikuanzishia dawa, wiki mbili za mwanzo baadhi yake huongeza mtetemo, kwa hiyo kahawa isirudi katika kipindi hicho. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kuzimia, au mapigo yasiyo na mpangilio, hayo usiyahesabie miligramu. Nenda hospitali mara moja.