Paka wa Utotoni Bado Ananiliza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimekulia Lamu, na nyumbani tulikuwa na paka wa madoa, Simsim. Baba akirudi kuvua alfajiri, Simsim ndiye wa kwanza kumpokea barazani, na kichwa cha samaki aitwaye changu hakigusi mpaka kipoe. Sasa niko Mombasa, nina watoto, na nikimtaja machozi hunilengalenga. Mume wangu hucheka: “Si paka tu!” Je, nina kasoro?
Mama Watoto, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kasoro huna. Mkumbushe mumeo Abu Huraira, sahaba wa Mtume: lakabu ile aliipata kwa kupenda paka. Na wewe umetoka Lamu, ambako paka hupita vichochoroni kama wenye nyumba!

Wasimulie wanao: alilala wapi, alimkwaruza nani, mama alimfukuza jikoni kwa kipi, mwiko au kipepeo cha moto? Kama picha hakuna, wamchore. Wakikosea madoa, wasahihishe. Ukifuga mwingine, mpe jina lake mwenyewe, usimtwishe la Simsim.

Mumeo naye muulize, taratibu, utotoni alifuga nini. Watu wa njiwa ndio wabishi zaidi.