Uliza Tukujibu: Mswada wa bastola North Carolina umefika wapi, na mdogo wangu yumo?

SWALI: Assalam aleikum shangazi. Mdogo wangu wa kiume anasoma Charlotte, North Carolina, alienda na viza ya masomo. Juzi katuma sauti kwenye grupu la familia ati sheria ya bunduki imepita, veto ya gavana imepinduliwa, sasa kila mtu anabeba bastola bila permiti, na kuna jamaa anataka kumuuzia moja kwa bei nzuri. Mama tangu siku hio halali. Mimi nimesoma kwenye simu mpaka bando limeisha, huku wanasema imepita huku wanasema bado. Imepita ama haijapita? Dada mtu, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kabla sijaingia kwenye mambo ya bunge, mpigieni simu leo hii, na mwambieni asiinunue hio bastola, hata kuishikashika asiishike. Sheria ya serikali kuu ya Marekani, ile ya Washington, inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, na ya masomo imo, asiwe na bunduki wala risasi. Kuna ruhusa chache, mfano mtu mwenye leseni ya kuwinda ya jimbo, lakini huko mtu haingii bila wakili. Kosa lenyewe tangu 2022 kifungo chake chaweza kufika miaka 15, halafu kosa la silaha ni katika yale yanayomfanya mgeni arudishwe kwao, masomo na ada mliyochangishana yote yaishie hapo. Na jimbo lipitishe sheria gani, katazo hilo la Washington halifuti. Jimbo haliwezi kumfungulia mtu mlango ambao serikali kuu imeufunga.

Sasa tuje kwenye mswada. Unaitwa Senate Bill 50, uliletwa kikao cha 2025. North Carolina sahii mtu kubeba bastola waziwazi ni ruhusa bila permiti, hio ni ya miaka mingi. Kinachotaka permiti ni kuificha chini ya nguo, na permiti hio unaomba kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti yako, uwe umefika miaka 21 na uwe umepitia mafunzo. Mswada unataka kuondoa ulazima huo wa permiti na kushusha umri mpaka miaka 18.

Seneti yao iliupitisha mwezi Machi 2025. Hapo watu wakaanza kutumiana "imepita". Ilikuwa imepita nyumba moja tu, manake Bunge lao lina nyumba mbili, Seneti ya watu 50 na Baraza la Wawakilishi la watu 120. Baraza likaupigia kura Juni 11, wakaunga mkono 59, wakapinga 48. Watu tena wakasema imepita, na safari hii wana haki kidogo maana nyumba zote mbili zimekubali. Lakini ukatoka hapo ukaenda mezani kwa gavana, Josh Stein, na Juni 20 akaupiga veto, yaani akaukataa. Alisema ni hatari kuwapa vijana wa miaka 18 ruhusa ya kubeba silaha iliyofichwa bila mafunzo yoyote. Mimi kwa hilo niko upande wake, sikufichi, mtoto wa miaka 18 na chuma kiunoni ambacho hata hajafundishwa kukifunga lock, hapana.

Veto haiuwi mswada, inaurudisha kwa wenyewe. Kule ukitaka kuipindua unahitaji sehemu tatu kati ya tano za wanaopiga kura, na inatakiwa kwenye nyumba zote mbili, moja haitoshi. Seneti ikafanya kura hio Julai 29, 2025, ikawa 30 kwa 19, wakapata. Hapo ndipo ilipozaliwa ile sauti ya mdogo wako! Kasikia veto imepinduliwa, na kweli imepinduliwa, ila upande mmoja. Bila kura ya Baraza la Wawakilishi, mswada ni mswada, sio sheria, na mtu akikamatwa na bastola ndani ya koti bila permiti atashtakiwa kwa sheria ile ile ya zamani.

Hapa kwenye hesabu nataka mtulie kidogo maana ndipo penye utamu. Baraza likikaa watu wote 120, sehemu tatu kati ya tano ni 72. Chama cha Republican, ndicho kinachousukuma mswada, baada ya uchaguzi wa 2024 kilipata viti 71. Kimepungukiwa na mmoja. Na usisahau kura ya Juni walipata 59 tu, kwa hio hata nyumbani kwao kuna kazi. Lakini sikia, hio 72 ni kama wote wamekuja, sheria yao inahesabu waliopo na wanaopiga kura. Machi 2023 kulikuwa na mswada mwingine wa bunduki, wa kufuta permiti ya kununua bastola, gavana wa wakati huo Roy Cooper akaupiga veto, na siku ya kura Barazani wajumbe watatu wa Democrat, chama cha upande wa pili, hawakupiga kura. Ikawa 71 kwa 46, yaani watu 117, na sehemu tatu kati ya tano za 117 ni 70 na kitu. Veto ikaanguka na sheria ikaanza kazi. Watu watatu dadangu, kiti kitupu nacho ni kura. Ndio maana viongozi wa Baraza wanaweza kuuweka mswada kwenye ratiba siku hii, wakausogeza siku nyingine, wakausogeza tena, wanahesabu vichwa kwenye viti. Kwa hio ukiona mahali "uko kwenye ratiba kesho" usikimbilie kwenye grupu.

Na la mwisho kwako, ambalo naona hakuna aliyelisoma kabla ya kusambaza ile sauti. Mswada wenyewe, pale unaposema nani ataruhusiwa kuficha bastola bila permiti, unamtaja raia wa Marekani aliyefika miaka 18. Raia. Kwa hio hata ukipita leo nyumba zote, mdogo wako hayumo, na hata jirani yake mwenye grin kadi, ile ya kuishi Marekani kwa kudumu, itabidi aende kwa sherifu na mafunzo yake kama kawaida. Msomee mama hayo polepole, na umwambie mwanawe huko aliko hajaruhusiwa kitu kipya.

SWALI: Mimi niko Likoni nasoma diploma ya sheria, mwalimu ametupa kazi tufuate mswada mmoja wa nje mpaka mwisho. Nikaamua hio ya bunduki Marekani lakini kila nikigugo napata habari za magazeti tu, moja inasema hivi moja vile. Nifuate vipi bila kupotea?

JIBU: Weka habari za gazeti pembeni kwanza. Kila jimbo lina tovuti ya Bunge lake, hio ya North Carolina ni ncleg.gov, haina malipo na inafunguka vizuri tu kwa simu. Andika S50 na hakikisha umechagua kikao cha 2025-2026, maana namba zinaanza upya kila kikao na ukikosea kikao utajikuta unasoma mswada wa barabara ama wa samaki. Ukurasa ukifunguka utaona historia nzima ya mswada kwa tarehe: siku uliyowasilishwa, kamati gani ulipelekwa, siku uliyotoka kamati, kila kura, veto, mpaka ulipolala sasa. Ule mstari wa tarehe ya karibuni zaidi ndio jibu la "umefika wapi", huna haja ya kumuuliza mtu.

Halafu fungua matoleo ya mswada wenyewe, kila toleo lina nakala yake. Maneno yaliyopigwa mstari chini ndio yanayoongezwa kwenye sheria, yaliyokatwa katikati ndio yanayoondolewa, na yasiyo na alama ni sheria iliyopo tayari. Wanafunzi wengi wakisoma wanadhani ukurasa mzima ni kitu kipya, kumbe kipya ni mistari minne. Linganisha la kwanza na la mwisho, utaona kamati ilikata nini. Kura nazo zimeandikwa jina kwa jina, aliyekubali, aliyekataa, na asiyekuwepo, na hao wasiokuwepo, kwa hesabu niliyomwelezea dada wa Kisauni, wahesabu vizuri.

Tena angalia saini sio mwisho. Gavana wa kule Bunge likiwa linakaa ana siku 10, akinyamaza bila saini na bila veto mswada unakuwa sheria wenyewe, kwa hio usiwe unasubiri picha ya gavana na kalamu. Na sheria ikishapatikana ina tarehe ya kuanza. Jimbo la Florida, gavana Ron DeSantis alisaini yao ya kubeba bila permiti Aprili 3, 2023 lakini ikaanza Julai 1. Miezi karibu mitatu hapo katikati, aliyebeba akisema "si imesainiwa" alikuwa anavunja sheria.

Ukitaka kazi yako iwe na uzito linganisha na Louisiana. Mwaka 2021 Bunge lao lilipitisha mswada wa aina hio hio, gavana John Bel Edwards akaupiga veto, wakajaribu kuipindua ikashindikana. Haukufufuka wenyewe, ulibidi uandikwe upya na kuanza mwanzo baada ya gavana kubadilika. Gavana mpya, Jeff Landry, akausaini Machi 2024 na ukaanza kazi Julai 4 mwaka huo. Mwalimu wako ataona umeelewa kwamba mswada ukifa na kikao, wazo haliendi nao kaburini, na kwamba uchaguzi wa gavana mmoja ulifanya kazi ambayo kura za Bunge zilishindwa. Nadhani hio ndio sehemu ya kuandikia kurasa nyingi zaidi, kuliko kunakili tarehe.

SWALI: Hivi sisi nasi bunge la kaunti ya Mombasa likiamka likasema kila mwananchi abebe bastola kwa sababu ya hawa vijana wa visu mitaani, itawezekana? Mzee wa Majengo.

JIBU: Hapana mzee wangu, na nakuelewa uchungu wako na hao vijana, mitaa mingi hapa watu wanaingia ndani mapema kwa ajili yao. Lakini kwetu silaha ni jambo la serikali ya kitaifa, liko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti anatoa bodi ya leseni ya kitaifa baada ya kukuchunguza. Bunge la kaunti halina mamlaka hayo, hata wakipiga kura wote kwa sauti moja. Atakayetaka kubadilisha itabidi mswada uende Nairobi, usomwe mara ya kwanza, uende kamati, wananchi waitwe kutoa maoni maana Katiba kifungu cha 118 kinalazimisha, usomwe mara ya pili na ya tatu, kisha Rais ana siku 14 za kusaini ama kuurudisha na sababu zake. Unakumbuka Mswada wa Fedha 2024, wabunge 195 waliunga mkono Juni 25 na kesho yake Rais akasema hasaini.

Kuhusu vijana wa visu, jambo la kufuatilia hapa ni vikao vya usalama vya chifu na kamishna wa kaunti. Nenda na wazee wenzako, mwandike mtaa, uchochoro na saa zinapotokea, na mdai jibu la maandishi.