Siku kumi za Oktoba 1582 hazikurukwa dunia nzima

Je, siku kumi za Oktoba 1582 zilirukwa kwenye kalenda duniani kote? Hapana, mwaka ule siku hizo zilirukwa katika nchi chache za Kikatoliki tu, hasa Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia, ambako Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15, bila mpangilio wa siku za juma kuvurugika. Ufaransa ilisubiri hadi Desemba, ikatoka tarehe 9 ikaingia tarehe 20, na Uingereza haikubadili kalenda hadi 1752.

Sababu ya kuruka siku hizo ni kwamba mwaka wa kalenda ya Julius Caesar ulizidi mwaka wa jua kwa takriban dakika 11, ziada ambayo kwa karne nyingi iliisogeza tarehe ya usiku na mchana kulingana hadi karibu na 11 Machi, na hesabu ya Pasaka ikaharibika. Ndipo Papa Gregory XIII akaamuru marekebisho kwa hati ya Februari 1582. Ushahidi mzuri wa kuruka huko ni wa mtawa Teresa wa Ávila, aliyefariki Alba de Tormes, Hispania, usiku wa tarehe 4 akazikwa kesho yake, tarehe 15, na hadi leo Wakatoliki humwadhimisha siku hiyo.

Zingatia tu kwamba tarehe za mwaka huo za kabla ya Oktoba, kama 21 Juni alipokufa mbabe wa vita wa Japani Oda Nobunaga huko Kyoto, kwa kawaida vitabuni huandikwa kwa kalenda ya zamani.