Eti ‘nice’ ni tusi?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko kidato cha tano, kuna kaka hapa mtaani kaniambia nikimwita mtu ‘nice’ kwa Kingereza namtukana maana eti zamani ilikuwa ni mjinga. Ni kweli au ananizingua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakuzingua, ila kakupa nusu ya habari. Chimbuko ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne ya kukanusha na scire ya kujua, na hiyo scire ndo iliyozaa pia neno sayansi. Wafaransa wa zamani wakawa wanamwita hivyo mtu mpumbavu, afu likaingia Uingereza enzi zile Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066. Miaka ya 1300 huko ukiitwa ‘nice’ ujue umeitwa mpumbavu, hata Chaucer, mshairi Mwingereza wa enzi hizo, kalitumia hivyo.

Sasa utamu uko katikati, maana halikuruka tu kutoka tusi likawa sifa. Kwanza likaenda kwa mtu wa mbwembwe, likaenda kwa mtu mwoga mwoga, likaenda kwa yule anayechagua chagua sana kila kitu, na kwa huyu mchaguzi ndo mambo yakageuka, kwani mtu mwenye jicho la kuchagua si mwishowe anasifiwa? Karne ya 18 likawa la kupendeza kama tunavyolijua leo, na likaenea kweli kweli, mpaka Jane Austen kwenye riwaya yake ya Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, kamweka Henry Tilney anamtania Catherine kwamba siku hizi kila kitu ni ‘nice’, siku, matembezi, hadi wasichana wenyewe. Na cheki hapa, Tilney anadhani mwanzo lilihusu unadhifu na ustaarabu, upumbavu hata hautaji!

Mbona na sisi tunasema ngoma kali, jamaa hatari, na anayeambiwa anafurahi?

Kwa hiyo waite tu marafiki zako ‘nice’ bila wasiwasi, hakuna atakayenuna. Ila ukikutana na ‘a nice distinction’ kwenye maandishi ya sheria au falsafa, usitafsiri tofauti nzuri, hapo ni tofauti ndogo sana ambayo usipokuwa makini inakupita.